NYUMBA NJEMA SI MLANGO
Jinsi ya kuipima nyumba ya kutunzia wazee kabla ya kumpeleka mzazi

Watu wa Chepsaita, upande wa Turbo katika Uasin Gishu, hujulikana kwa mahindi yao, kwa maziwa ya ng'ombe wao, na kwa mashindano ya mbio za nyika ambayo huwaleta wakimbiaji wengi kijijini. Lakini hata miguu yenye nguvu huchoka siku moja. Baba aliyekuwa akilima toka alfajiri huja akashindwa kuinua jembe, na mama aliyekuwa akikamua ng'ombe watano kabla ya kucha huja akahitaji kushikwa mkono ili apate kusimama. Hapo ndipo shauri ambalo zamani halikuwako huingia katika mazungumzo ya jamaa: Je, mzee apelekwe katika nyumba ya kutunzia wazee?

Na ifikiriwe jamaa moja, iliyo mfano wa jamaa nyingi. Mama amepita umri wa miaka 80, na mumewe amekwisha kufariki. Kiharusi kimempooza upande wa kuume. Hawezi kujigeuza kitandani wala kushika kikombe. Mwana mkubwa ni mkulima, yuko papo hapo Chepsaita. Dada yake ni karani Eldoret. Mdogo wao yuko Marekani, na kazi yake huko ni kuwatunza wazee wa watu wengine. Mke wa mkulima ndiye aliyemwosha na kumlisha mama mkwe wake tangu alipotoka hospitali, na sasa mgongo wake mwenyewe hauna nguvu tena.

Walipokutana kufanya shauri, mkulima alisema, "Dada, watu watasema tumemtupa Mama."

Dada yake akajibu, "Kaka, hao watu hawaji kumgeuza usiku. Tuulize hivi: huko atakakokwenda, atageuzwa na nani?"

Swali la karani yule ndilo linalomfaa kila mtu aliye na shauri kama hilo. Kumpeleka mzazi si kosa, na kumweka nyumbani si lazima kuwe wema, kama hapana mtu wa kumhudumia. Hatari iko katika kumpeleka bila kupima.

JINA MOJA, NYUMBA MBILI

Katika Kenya jina la nasing homu limewachanganya wengi. Vibao vyenye jina hilo mara nyingi si vya nyumba za wazee, bali ni vya hospitali ndogo za watu binafsi, ambazo huwalaza wagonjwa kwa siku chache na kuwazalisha akina mama. Lakini katika Marekani jina hilo hilo ni la nyumba ambamo mzee huishi miezi au miaka, pengine mpaka mwisho wa maisha yake, akihudumiwa na wauguzi mchana na usiku. Hospitali ndogo yaweza kuwa hodari sana katika kazi ya uzazi, na huku isiwe na mtu hata mmoja aliyefundishwa kumtunza mzee aliyepooza.

Hospitali ndogo za namna hiyo hupewa leseni na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, ambalo pia huzipanga kwa daraja kulingana na kazi zinazoweza kuzifanya. Leseni hiyo hufanywa upya kila mwaka, na hutakiwa kutundikwa mahali pa wazi. Jambo hili si la kupuuzwa. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba vituo vya afya 728 vilikuwa vimefungwa na vingine 301 vimeshushwa daraja baada ya kukaguliwa. Bila shaka vingi katika hivyo vilikuwa na kibao kizuri barabarani.

Nyumba za wazee hasa ni chache, na nyingi zilianzishwa kwa huruma ya makanisa na serikali kwa ajili ya wazee wasio na mtu. Nairobi, sehemu za Kasarani, iko Nyumba ya Wazee inayoongozwa na Masista Wadogo wa Maskini, shirika lililoanzishwa na Jeanne Jugan katika Ufaransa mwaka 1839. Zanzibar, Serikali imekuwa na makao ya wazee ya Sebleni na Welezo. Nyumba ambazo mtu hulipia mzazi wake kwa mwezi ni jambo jipya, na haja yao inakua: katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kenya ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2.7 waliofikia umri wa miaka 60.

Kwa hiyo swali la kwanza langoni si la bei. Ni hili: nyumba hii imeandikishwa na nani, na kwa kazi gani? Mwenye nyumba aombwe aonyeshe hati. Isomwe tarehe yake, na jina lililo juu yake lilinganishwe na jina la kibaoni. Wauguzi nao huandikishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, na mwuguzi wa kweli haoni haya kuonyesha hati yake. Asiyetaka karatasi zake zisomwe amekwisha kutoa jibu.

VIPIMO VYA NG'AMBO

Nchi zilizotangulia katika kazi hii zilijifunza kwa uchungu kwamba uzuri wa nyumba hauonekani kwa mgeni wa saa moja. Katika Uingereza, tume iliyoanza kazi mwaka 2009 huuliza maswali matano juu ya kila nyumba: Je, ni salama? Je, utunzaji wake huleta matokeo mema? Je, wafanya kazi wana huruma? Je, husikiliza haja za kila mtu? Je, huongozwa vyema? Majibu hutangazwa kwa watu wote.

Katika Marekani, sheria ya mwaka 1987 iliweka haki za wazee wakaao katika nyumba hizo, na wakaguzi huzuru kila nyumba bila kutoa habari mbele, wala kwa sheria haitakiwi kupita zaidi ya miezi 15 kabla ya kurudi. Toka mwaka 2008 kila nyumba hupewa nyota, kutoka moja hadi tano, kwa mambo matatu: matokeo ya ukaguzi, hesabu ya wafanya kazi, na hali ya afya ya wazee wenyewe. Kwa muda wa miaka kadha wenye nyumba ndio walioitaja hesabu ya wafanya kazi wao. Lakini toka mwaka 2018 nyota hizo zimefuata daftari za mishahara. Sababu yaeleweka na kila karani: neno la mdomo ni jambo moja, na daftari la mshahara ni jambo jingine.

Chepsaita hakuna nyota za namna hiyo. Basi jamaa yenyewe hapana budi iwe mkaguzi. Na wale walio na ndugu wanaofanya kazi hizo ng'ambo wana mwalimu wa bure kwenye simu. Yule mdogo wa mkulima, alipopigiwa simu kutoka nyumbani, hakuuliza rangi ya ukuta wala ukubwa wa ua. Alisema, "Kaka, usihesabu vitanda. Hesabu watu walio macho saa nane ya usiku."

HESABU YA USIKU

Maana ya maneno yale ni hii. Mtu asiyeweza kujigeuza hulaliwa na uzito wake mwenyewe. Ngozi hubanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na nyama huanza kufa. Hivyo ndivyo vinavyoanza vidonda vya kulalia: kwenye visigino, nyongani, na chini ya mgongo. Kidonda chaweza kuanza kwa muda wa saa chache, kikachukua miezi kupona, na kikiingia uchafu chaweza kumwua mzee. Kawaida iliyofundishwa kwa wauguzi tangu zamani ni kumgeuza mgonjwa wa namna hiyo kila saa mbili.

Sasa na ifanywe hesabu. Nyumba ina wazee 12 wasioweza kujigeuza. Usiku, toka saa moja ya jioni hadi saa moja ya asubuhi, una saa 12. Basi kila mzee ageuzwe mara 6. Hiyo ni kazi ya kugeuza mara 72. Ikiwa kila mara huchukua dakika 10, kwa kumgeuza, kumkausha na kumbadilisha nguo zilizolowa, jumla ni dakika 720, yaani saa 12 kamili. Mtumishi mmoja akiachwa peke yake na wazee hao, hawezi kukaa chini, hawezi kunywa chai, wala hawezi kumfikia anayeita. Ni yakini kwamba wazee wengine hawatageuzwa, hata kama mtumishi huyo ana moyo wa malaika.

Kwa hiyo swali la pili kwa mwenye nyumba ni hili: usiku wako watumishi wangapi walio macho, na wazee wasioweza kujigeuza ni wangapi? Kisha msomaji apige hesabu yake mwenyewe kwa kalamu. Nyumba isiyoweza kujibu haijapata kuifikiri kazi yake.

MACHO, PUA NA MKONO

Yafaa nyumba izuriwe mara mbili. Mara ya kwanza kwa ahadi, ili kuzungumza na mkubwa wake. Mara ya pili bila ahadi, na afadhali saa ya chakula cha jioni au Jumapili, wakati watumishi ni wachache na wageni hawatazamiwi.

Pua itangulie. Harufu ya mkojo mahali pamoja kwa dakika chache si ajabu, kwa kuwa wazee ni wazee. Lakini harufu iliyokaa katika magodoro na kuta hueleza kwamba watu huachwa wamelowa kwa saa nyingi. Na harufu kali mno ya dawa ya kusafishia, inayofukizwa mara mgeni anapobisha hodi, nayo ina habari zake.

Kisha macho. Kikombe cha maji kiko wapi? Mzee hupungukiwa na hamu ya maji, naye aweza kukauka mwilini bila kusikia kiu. Basi maji yawe karibu na mkono ulio mzima, si juu ya kabati. Mlo hutolewaje? Mtu aliyepigwa na kiharusi mara nyingi hameza kwa shida. Akilishwa akiwa amelala chali, uji waweza kuingia mapafuni na kumletea ugonjwa. Alishwe ameketi, kidogo kidogo, na mtu mwenye subira. Nyumba ambayo mtumishi mmoja huwalisha watu wanne kwa haraka ina sahani tupu na wazee wenye njaa.

Sakafu iwe kavu. Njia ya kwenda chooni iwe na taa usiku na vyuma vya kushika ukutani, kwa maana mfupa wa nyonga ukivunjika kwa kuanguka, wazee wengi hawarudi kutembea kama zamani. Milango iweze kufunguliwa upesi moto ukitokea, na watumishi waweze kusema bila kusita watamtoaje mtu asiyetembea. Dirisha lenye nondo na mlango wenye kufuli ambayo ufunguo wake haujulikani uliko, hiyo si salama bali ni gereza.

Mwisho mkono. Kwa ruhusa ya mwenyewe na kwa heshima, jamaa wamtazame mzazi wao visigino na mgongo kila wanapomzuru. Vitabu vingi husema kwamba kidonda huanza kwa wekundu. Lakini juu ya ngozi nyeusi wekundu hauonekani vyema. Watafute mahali palipozidi kuwa peusi, pagumu, au penye joto kuliko ngozi ya jirani.

Na masikio nayo yana kazi. Je, watumishi humwita mzee kwa jina lake na kwa heshima, au kwa namba ya kitanda? Je, hubisha kabla ya kufungua mlango anapooshwa? Mama aliyewalea watoto wake hadi wakawa wazee wa boma hapaswi kuvuliwa nguo mbele ya wapita njia.

DAWA NA SAFARI YA HOSPITALI

Kila dawa iandikwe katika karatasi: jina lake, kipimo, saa iliyotolewa, na sahihi ya aliyetoa. Ikiwa karatasi imejazwa ya wiki nzima kabla wiki haijaisha, dawa hazitolewi kwa saa zake. Yapasa kuuliza pia kama kuna dawa za usingizi, na nani aliyeziamuru. Mzee aliyekuwa akizungumza, akawa ghafula wa kusinzia mchana kutwa, huenda ametulizwa ili asisumbue. Hilo lisikubaliwe bila neno la daktari.

Tena, mzee akizidiwa usiku, gari ni la nani na dereva yuko wapi? Jiji la Eldoret lina Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambayo ilianza mwaka 1917 kama hospitali ndogo na leo hupokea wagonjwa wa magharibi yote ya Kenya. Lakini hospitali kubwa haimfai kitu mzee ambaye nyumba yake haina gari wala mtu wa kuamua.

FEDHA NA KIDOLE GUMBA

Mapatano yaandikwe. Malipo ya mwezi ni kiasi gani, na ndani yake mna nini? Nepi, dawa, daktari na dobi ni katika malipo hayo, au huongezwa baadaye? Mzee akifariki au akirudishwa nyumbani katikati ya mwezi, fedha zilizosalia huwaje?

Kuna jambo jingine ambalo watu huona haya kulitaja. Katika Kenya mzee aliyefikia miaka 70 na kuandikishwa hupata shilingi 2,000 kwa mwezi kutoka Serikalini. Nani atashika simu yake na kitambulisho chake? Mzee ana shamba. Nani ataangalia kwamba kidole gumba chake hakitiwi wino juu ya karatasi asiyoielewa? Hatari hii haitoki kwa watumishi wa nyumba tu. Mara nyingine hutoka kwa mtoto mwenye haraka ya kurithi. Yafaa hati za shamba zibaki mahali panapojulikana na watoto wote, na nyumba ipewe amri ya maandishi kwamba mzee hatatia sahihi jambo lolote pasipo jamaa wawili kuwapo.

MAOVU YALIYOFICHIKA

Mwaka 2022 shirika la utangazaji la BBC lilionyesha filamu iliyopigwa kwa siri katika nyumba moja ya wazee isiyo mbali na Nairobi. Wazee walionekana wakipigwa na wakikosa matibabu ya kufaa. Wengi walioitazama waliuliza kwa nini wazee hao hawakusema. Jibu ni rahisi: anayepigwa hulishwa na mkono ule ule unaompiga. Na aliye na ugonjwa wa kusahau hawezi kueleza.

Basi jamaa wasingoje mashtaka. Alama za vidole mikononi, hofu mtumishi fulani anapoingia, nguo kulegea kwa kukonda, mzee aliyekuwa mcheshi kunyamaza: hayo ni maneno yake. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kwamba wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kufaa kutoka kwa jamaa zao na Serikali. Mwenye ushahidi aupeleke polisi, kwa chifu na kwa ofisi ya maendeleo ya jamii. Na ikiwa ni hospitali yenye leseni, kwa Baraza la Madaktari pia. Lakini kwanza amtoe mzee wake humo.

NENO LA MAMA

Jamaa ile ya Chepsaita ilizuru nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa na lango la chuma, maua, na viti vya ngozi sebuleni, wakubwa wake walijua bei yote, lakini walipoulizwa habari za usiku wakasema, "Msiwe na wasiwasi." Ya pili ilikuwa ya mabati, na rangi yake imekwisha kufifia. Walifika bila ahadi jioni ya Jumapili. Walimkuta mtumishi ameketi karibu na bibi mmoja, akimlisha polepole, kijiko kwa kijiko, na ukutani kulikuwa na karatasi ya kugeuza wagonjwa yenye sahihi za usiku uliopita. Hati ya nyumba ilikuwa na tarehe ya mwaka ule.

Hata hivyo hawakuamua hapo. Karani alisema, "Kaka, Mama mwenyewe bado hatujamwuliza." Wakamwuliza. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini akili yake ilikuwa timamu. Alisema atakwenda kwa miezi miwili, mkwewe apate kupumzika. Na kwamba mursik aletewe kutoka nyumbani, kwa maana ya dukani haimpendezi.

Hivyo ndivyo walivyofanya, nao waliandika zamu. Kila juma mtu mmoja humzuru, wala siku haitajwi mbele. Mkulima huenda mara nyingine asubuhi na mapema, karani hupita jioni baada ya kazi, na mdogo wao huzungumza na mama kwa simu yenye picha, huku akimwomba mtumishi aonyeshe visigino vyake. Watumishi wa nyumba ile wamekwisha kuzoea, na wale walio wema hufurahi, kwa kuwa kazi yao huonekana.

Leseni huonyesha kwamba mkaguzi alifika siku moja. Siku nyingine zote za mwaka ni za jamaa. Nyumba ya wazee yaweza kuchukua kazi ya kuosha, kulisha na kugeuza. Lakini kazi ya kwenda kuona haina mtu wa kuajiriwa.